Nyota Ile, Nyota Zile

Mwaka 2025, mwanzoni mwa kipupwe, wakati ngano ya Mbulumbulu ilikuwa imekwisha kutoa masuke lakini haijaanza kukauka, mjukuu wangu Vedasto alikaribia kumkosa mke kwa sababu ya nyota ambayo haijapata kusikia habari zake.

Vedasto ni fundi wa kuchomelea. Karakana yake iko nyuma ya maduka ya vipuri, kando ya barabara kuu ya Karatu, na kazi yake kubwa ni kukata mapaa ya magari ya watalii ili yafunguke, mtalii asimame ndani na kumwona simba bila kuonana naye. Mchumba wake ni Naishorua binti Koinet, wa Nainokanoka, juu kule Ngorongoro, ambaye anafundisha hisabati katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Walijuana siku Naishorua alipokwenda kutengenezewa kitanda cha chuma akamwonyesha Vedasto kwamba vipimo vyake havikuwa sahihi. Vedasto aliingia ndani kuvirekebisha, na aliyetoka hakuwa yule aliyeingia.

Mahari ilikuwa imekwisha kukubaliwa na ng'ombe walikwisha kupanda mlima. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: Jumamosi moja ya mwezi huo wa Juni, Mzee Koinet ateremke, akae na mwanangu Felisiani na mkewe Angelina, wapange siku ya harusi. Angelina ni mke wa mwanangu kwa miaka zaidi ya thelathini, na sina lalamiko juu yake isipokuwa chumvi na redio. Chumvi tumekwisha kupatana. Balaa ilitoka kwenye redio.

Katika redio hiyo kulikuwa na mtu aliyejiita Profesa Clemensi, naye alikuwa na ofisi karibu na soko. Bango la ofisi hiyo lilisomeka hivi: BINGWA WA MANYOTA. NYOTA YAKO IMEFUNGWA? TUNAFUNGULIA. NDOA, BIASHARA, VIZA, NA MIGUU KUWAKA MOTO. Nilipolisoma kwa mara ya kwanza, nilimwomba dereva wa bajaji asimame ili nihakikishe kwamba macho yangu hayajaharibika. Nyota ni nyota, iwe moja au zijaze mbingu. Jina halibadiliki, kinachobadilika ni upatanisho wake. Manyota hayapo, wala angani wala katika kamusi.

Sikushangaa sana, maana Clemensi alikuwa mwanafunzi wangu. Mwaka 1988 akiwa darasa la saba, katika kipindi cha sayansi, nilimsimamisha na kumwuliza swali. Aliliangalia swali lile kama mtu anavyomwangalia mbwa asiyemjua, kisha akasema, "Mwalimu, naomba nje." Nilimruhusu. Hakurudi. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda machimboni Mererani, kisha Dar es Salaam, kisha nisikojua, hata siku moja nikaisikia sauti yake jikoni kwa Angelina ikiahidi kufungua milango ya mbinguni kwa watu watano wa kwanza kupiga simu.

Basi Angelina alikwenda kwake, peke yake, wiki mbili kabla ya Jumamosi ile. Aliporudi uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Mama," aliniambia, "yule binti hatufai."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya. Ni nyota yake. Amezaliwa Septemba, na wa Septemba ni Mashuke. Nyota kuu ya Mashuke inaitwa Spika. Profesa amenionyesha picha. Ni ya buluu, Mama. Buluu tupu."

"Na ikiwa ya buluu?"

"Ni ya baridi. Aliniuliza, 'Mama, kule hotelini ulikokuwa ukifua mashuka, bomba la maji ya moto lilikuwa na alama gani?' Nikamwambia nyekundu. 'Na la baridi?' Nikamwambia buluu. Akasema, 'Basi umejijibu mwenyewe.'"

Lazima nikiri kwamba hoja ile ilikuwa imepangwa vizuri kuliko nilivyomtarajia Clemensi. Kwa mujibu wake, mwanamke mwenye nyota ya baridi hupoza nyumba: mbegu haishiki, ng'ombe hazai, mume hulala na koti. Tena kwa kuwa nyota yenyewe huitwa Spika, ataongea mpaka majirani wahame. Dawa ilikuwa ni bibi harusi kuogeshwa maji ya moto yenye majani fulani kila alfajiri kabla ya harusi, na vitu vyote vya buluu kuondolewa nyumbani.

Angelina alikwisha kuanza kuviondoa. Ndoo ya buluu ilikuwa imegawiwa kwa jirani. Shuka la kimasai la buluu, zito na zuri, ambalo Naishorua alikuwa amemletea mama mkwe wake kwa ajili ya baridi ya kipupwe, nililikuta bandani limefunika kuku.

"Mwanangu," nilimwambia, "kwanza, nyota ile si spika. Spika ni ile inayopiga kelele kwenye vilabu vya pombe. Nyota ile ina jina la Kilatini lenye maana ya suke la ngano, na ndiyo maana wazee waliotuachia Kiswahili waliliita kundi lake Mashuke, yaani masuke. Iite Suke, utaona hofu yako inapungua nusu."

"Na nusu ya pili?"

"Nusu ya pili tutaikuta kwa Vedasto, kesho."

Lakini kabla ya kesho alikuja Naishorua mwenyewe, jioni, amebeba maboga mawili. Alinisalimu shikamoo kwa adabu, akaketi, akayapanga maboga sakafuni kwa ukubwa.

"Bibi, nimetumiwa ujumbe kwamba nianze kuogeshwa."

"Nimesikia."

"Mimi naoga. Watu wanajua naoga. Lakini sitachemshwa kwa sababu ya nyota. Nimemwambia Vedasto, na wewe nakuambia kwa heshima: Jumamosi baba akija akakuta nyota yangu bado inajadiliwa hapa, nitamwomba awateremshe ng'ombe wenu mlima siku ifuatayo. Sitaolewa katika nyumba ambayo kila mtoto akikohoa wataangalia juu, halafu waniangalie mimi."

Nilimtazama. Alikuwa anasema kweli, na sentensi zake zilikuwa kamili. Niliogopa kumpoteza.

Kesho yake nilimchukua Angelina mpaka karakana. Vedasto hakuwa amelala. Ilionekana hata kwa jinsi alivyofunga vifungo vya shati. Nilimwambia achukue nondo na kuipasha moto kwa mtungi wa gesi ya kukatia, polepole, ili mama yake aone.

Nondo ilikuwa nyeusi. Ikaanza kuiva ikawa nyekundu kama kaa la jikoni. Ikaendelea ikawa ya machungwa, kisha ya njano, kisha nyeupe kiasi kwamba Angelina alirudi nyuma na kujikinga uso kwa kanga.

"Wakati gani ilikuwa na joto zaidi?" nilimwuliza. "Ilipokuwa nyekundu au sasa?"

"Sasa, Mama. Inaonekana."

"Wekundu ni mwanzo wa joto. Joto likizidi, nuru hutoka kwenye wekundu ikaelekea kwenye weupe, na likizidi tena hupita weupe ikaelekea kwenye ubuluu. Vedasto, mpe mama yako kioo chako."

Vedasto alimvisha kinyago cha kuchomelea, akagusanisha vyuma viwili. Cheche ikaruka, na mwanga ule mkali wa buluu na nyeupe ukajaa karakana. Angelina aliutazama kupitia kioo cheusi.

"Ukiutazama bila kioo?" nilimwuliza Vedasto.

"Macho yanawaka usiku kama umetiwa mchanga, Bibi. Ule mwanga unaoonekana siyo wenye kuumiza. Wenye kuumiza ni ule usioonekana."

"Ndivyo ilivyo nyota ile. Sehemu kubwa ya nuru yake iko ng'ambo ya zambarau, mahali ambapo jicho halifiki. Uso wake una joto zaidi ya mara nne ya uso wa jua. Rangi ya bomba la hoteli, Angelina, ilichaguliwa na mtu, pengine kwa sababu rangi ya kijani ilikuwa imekwisha dukani. Rangi ya nyota haikuchaguliwa na mtu. Ni joto lenyewe linalosema."

Angelina alivua kinyago. "Kwa hiyo si ya baridi."

"Si ya baridi."

"Ni ya moto."

"Ni miongoni mwa zenye moto mkali kuliko nyota nyingi unazoziona kwa macho."

Akaitika kwa kichwa, akaondoka, nami nikarudi nyumbani nimefurahi. Mwalimu akifurahi kabla ya mtihani ni dalili kwamba hajalielewa darasa lake.

Siku mbili baadaye Angelina alikuwa amekwenda tena kwa Clemensi na kumpelekea elimu yangu yote, bure, kama mtu anayempelekea mwizi funguo. Clemensi alimsikiliza, akafumba macho, akasema kwamba jambo hilo alikuwa amekwisha kuliona tangu mwanzo lakini alimficha ili asimtishe. Nyota ya binti ilikuwa ya moto wa buluu, moto mbaya kuliko wote. Nyumba itaungua. Mume atakauka. Dawa ya maji ya moto ilifutwa. Sasa bibi harusi angeogeshwa maji ya baridi.

Naishorua alipoletewa habari hiyo alicheka kwa mara ya kwanza, lakini si kicheko kizuri.

"Kwanza nichemshwe, sasa nigandishwe," aliniambia. "Bibi, mimi ni mtu au ni maziwa?"

Nilimwita Angelina tena. Nilidhani kwamba kilichopungua ni elimu, na kwamba nikiiongeza hofu itashiba. Tulikuwa tunachambua maharage.

"Hiyo nyota ni kubwa, Mama?" aliuliza bila kuinua macho.

"Kubwa sana. Uzito wake ni kama wa majua kumi au kumi na moja."

"Atamkalia mwanangu."

"Angelina, ni uzito wa nyota."

"Na iko karibu?"

"Iko mbali mno. Nuru unayoiona leo iliondoka huko yapata miaka mia mbili na hamsini iliyopita, kabla babu wa babu yako hajazaliwa."

"Mwanamke ambaye ukimwita leo atakuja baada ya kufa kwako." Akatupa harage bovu. "Inadumu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali, na swali lilikuwa zuri.

"Nyota nzito hazidumu kama nyepesi," nilisema. "Zina akiba kubwa, lakini huitumia kwa fujo. Jua letu lina maisha ya miaka bilioni kumi. Ile itaishi kama miaka milioni ishirini tu."

Mikono ya Angelina ilisimama. "Tu?"

"Milioni ishirini, mwanangu. Ni miaka mingi."

"Mwenyewe umesema 'tu'. Mama, wewe huongezi neno bila sababu. Tangu niolewe hapa sijakusikia ukiongeza neno bila sababu." Machozi yalimtoka. "Atakufa kijana. Ataniachia mtoto mchanga nimlee na magoti haya."

Herufi mbili zilikuwa zimeivunja hoja yangu, na mwenye kuzitamka nilikuwa mimi. Nilielewa jambo ambalo miaka yote ya ualimu haikunifundisha: mtu mwenye hofu ukimpa ukweli, yeye huugeuza kuni. Kulikuwa na jambo moja zaidi juu ya nyota ile ambalo nililijua, na nilijiapiza kwamba Angelina asilisikie kamwe kutoka kwangu.

Jumamosi ilifika. Mzee Koinet aliteremka pamoja na mdogo wake Supeet. Barabara ya ukingoni mwa kreta ilikuwa na ukungu, wakachelewa, na tulipomaliza kula mbuzi na wali, lango la hifadhi ambalo wangerudia lilikuwa limekwisha kufungwa. Ikabidi wapange kulala. Naishorua alikuwa amekuja asubuhi kusaidia jikoni. Hakusema neno kwa Angelina, wala Angelina kwake. Walipokezana masufuria kama mabalozi wa nchi zilizofunga mipaka. Vedasto alikuwa akikaribisha watu viti ambavyo walikuwa wamekwisha kuvikalia.

Jua lilipozama, Clemensi aliingia. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, na mkononi alibeba mfuko wa plastiki uliojaa barafu kutoka friji ya duka la soda. Mwezi Juni, Karatu, watu wote tumejifunika mpaka masikioni.

Mzee Koinet alimtazama mgeni, akautazama mfuko. "Huyu wa barafu ni nani?"

Angelina alieleza. Alieleza kwa unyenyekevu, akichanganya maneno, lakini alieleza yote: Septemba, Mashuke, Spika, baridi, moto, uzito, kufa. Alipomaliza, kulisikika tone la maji likianguka kutoka mfukoni.

"Mimi," alisema Koinet polepole, "nimekuja kupanga siku. Nilipokea ng'ombe wenu nikawakagua, kwato mpaka pembe, nikasema wazuri. Nanyi mlikuwa na nafasi ya kumkagua binti yangu, mkasema mzuri. Kama sasa ana kasoro ya kupozwa kwa barafu kama soda, semeni tu. Ng'ombe wenu ni wazima. Watateremka."

"Baba," alisema Naishorua kutoka mlangoni, "kesho."

Vedasto aliketi, kwa bahati nzuri juu ya kiti.

"Mzee wangu, tusifike huko," alisema Clemensi kwa sauti ile ya redioni. "Nyota yake ni nzuri, ila ina ukali. Sisi kazi yetu ni kutuliza. Twendeni nje niwaonyeshe, mwone wenyewe, halafu nitaipoza hapahapa mbele ya wazazi wote."

Tulitoka uani. Ukungu ulikuwa umebaki mlimani. Juu yetu anga lilikuwa wazi. Clemensi aliinua uso, akageuka upande huu na upande ule, na nikaona kwamba mtu huyu aliyefungua nyota za nusu ya wilaya hakuwa akiijua hata moja kwa uso. Alikuwa akitafuta kitu cha buluu, na macho yake yalikuwa yakielekea kwenye taa ya kituo cha mafuta.

Sikuweza kuvumilia. "Juu ya vichwa vyenu," nilisema, "sawa na bomba la moshi. Nyota zile zinazong'aa, nyeupe zenye ubuluu."

Clemensi aligeuka. Uso wake ulimulikwa na furaha aliyokuwa akiisubiri tangu utoto.

"Mwalimu, shikamoo, samahani," alisema. "Umeteleza. Mimi naona moja. Nyota ile inang'aa. 'Zile' ni wingi."

Felisiani alikohoa. Jirani mmoja aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta akanong'ona kwamba Mwalimu amekosea upatanisho. Nilijua kwamba habari hiyo ingefika kijiji cha Endabash kabla ya mimi kufika kitandani. Ama nikubali kwamba nimekosea Kiswahili, ama niseme jambo lile nililojiapiza kulificha.

"Sijateleza, Clemensi," nilisema. "Ni wingi. Ni mbili."

"Naona moja."

"Unaona moja kwa sababu ziko mbali na kwa sababu zimekaribiana mno. Ni nyota mbili, zote za moto, zote za buluu na nyeupe, na huzungukana kwa siku nne tu. Zinavutana kiasi kwamba hakuna hata moja iliyobaki duara. Zimevutwa zikawa kama mayai. Jicho husema 'ile'. Kweli ni 'zile'."

Angelina akasema nilichokuwa nimekiogopa tangu mwanzo.

"Mbili. Mama yangu. Mke mwenza."

"Hapo sasa," alisema Clemensi, "Mwalimu mwenyewe amesema. Nyota ya uke wenza."

Koinet alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Mimi nina wake wawili, Profesa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za nyota. Waliuliza habari za maziwa."

"Mzee, hili si jambo la mzaha. Mwanamke yeyote aliyezaliwa chini ya nyota hii..."

"Profesa," alisema mwanangu Felisiani.

Lazima nieleze kwamba Felisiani huongea mara chache. Nilimzaa akiwa kimya, mkunga akadhani kuna tatizo. Watu wote waligeuka.

"Umesema mwanamke yeyote?"

"Yeyote, baba."

"Wa Septemba?"

"Kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka ishirini na mbili Septemba. Hakuna anayeponyoka."

Felisiani alimgeukia mkewe. "Mama Vedasto, wewe ulizaliwa lini?"

"Unajua. Sikukuu ya kuzaliwa kwake Bikira Maria. Padri alitaka niitwe Maria, baba akakataa kwa sababu walikuwapo watatu nyumbani."

"Mwezi gani hiyo?"

Angelina alifungua mdomo. Nami nilisimama pale, mwalimu wa sayansi, nikijiuliza kwa nini katika siku zote zile za nondo na maharage sikupata kulifikiria swali hilo.

"Tarehe nane, Septemba," alisema Felisiani. "Basi nyota ile ni ya mke wangu."

"Nyota zile," nilisema, kwa mazoea.

"Nyota zile. Nimelala chini yake miaka thelathini na zaidi. Sijapoa. Sijaungua. Nimepata watoto wanne, na ng'ombe wamezaa. Uzito, sawa, ameongezeka, lakini nilikuwapo nikishuhudia."

"Na suala la kuongea?" aliuliza Supeet kwa adabu.

Felisiani alifikiri. "La spika ni kweli," alisema.

Kicheko kilianzia kwa Supeet, kikampata jirani wa ukutani, kikampata Vedasto ambaye hakuwa amecheka kwa wiki mbili. Mwishowe kikampata Angelina mwenyewe, aliyejifunika uso kwa kanga, mabega yakitetemeka.

"Halafu," alisema Koinet akijifuta macho, "hiyo Septemba ya binti yangu mliipata wapi? Alizaliwa mvua za vuli zilipoanza, nyasi zikiwa zimeota. Septemba aliandikiwa na mwalimu wa shule, kwa sababu alitaka kulifunga daftari aende nyumbani."

Sote tulimtazama Naishorua.

"Nilijua," alisema kwa utulivu. "Sikusema kwa sababu mngenitafutia nyota nyingine. Nilitaka nikubaliwe na hiyohiyo mbaya."

Angelina aliondoka akaenda bandani. Kuku walilalamika. Alirudi na shuka la buluu, akalikung'uta manyoya mara kadhaa, akajifunika nalo mabegani mbele ya watu wote.

"Kuna baridi," alimwambia Naishorua. "Njoo hapa, mwanangu. Linatosha wawili."

Naishorua hakuenda mara moja. Alimwacha mama mkwe wake asimame pale na shuka lake lenye harufu ya kuku, ukingo mmoja umeinuliwa, kwa muda wa kutosha. Kisha akaenda. Walisimama wamekaribiana, wakionekana kama mtu mmoja mnene. Koinet akasema harusi iwe baada ya mavuno ya ngano, Felisiani akaitika, na ng'ombe wakabaki mlimani.

Clemensi alikuwa amekwisha kurudi nyuma mpaka geti. Barafu yake ilikuwa imekuwa maji, nayo yalikuwa yakimtiririkia viatuni. Aliweka mkono kwenye komeo.

"Clemensi," nilisema.

Alisimama. Mtu anaweza kujiita profesa mahali pengi, lakini si mbele ya mwalimu wake wa darasa la saba.

"Mwaka 1988 uliomba nje, nikakuruhusu. Swali lako bado liko ubaoni. Unalikumbuka?"

Aliondoa mkono kwenye komeo. "La chuma," alisema.

"Liseme."

"Uliuliza, chuma chekundu na chuma cheupe, vyote vikiwa motoni, kipi kina joto zaidi, na kwa nini."

"Nakudai jibu. Hukunilipa siku ile, na kwa sababu hukunilipa mimi, umewatoza wengine."

Aliutazama umati. Jirani wa ukutani alikuwa ameegemea vizuri zaidi. Clemensi alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba jibu lile likitoka mdomoni mwake mbele ya watu hawa, Jumatatu hakuna atakayepiga simu kuulizia bomba la buluu.

"Chuma nyeupe ndiyo iko na moto zaidi," alisema kwa sauti ndogo.

"Rudia. Upatanisho."

Aliweka mfuko chini. Akavuta pumzi, akasimama wima, mikono ubavuni, kama tulivyowafundisha kusimama.

"Chuma cheupe kina joto zaidi kuliko chuma chekundu, Mwalimu, kwa sababu joto la kitu likizidi, nuru yake hutoka kwenye wekundu, ikapita kwenye weupe, ikaelekea kwenye ubuluu." Aliinua uso juu, sawa na bomba la moshi, na safari hii aliona. "Na nyota zile ni za buluu kwa sababu zina joto kali, si kwa sababu ni za baridi. Nilisema uongo redioni."

"Umejibu," nilisema. "Sasa rudi ndani ukae."